Vidonge Tisa: Kumwandaa Baba kwa Safari ya Begi Mgongoni hadi Zambia

Mwaka 1972 baba alikuwa kijana wa miaka 20 alipochukuliwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, ile ya Dar es Salaam hadi Zambia, kipande cha Mlimba kwenda Makambako, kile chenye madaraja na mahandaki mengi kuliko vyote. Alibeba kokoto, akachanganya zege, akalala kambini na Wachina mvua za masika zikipiga mahema. Reli ilipokabidhiwa rasmi Julai 1976, yeye alikuwa amesharudi Ifakara kulima mpunga. Ameipanda treni ile mara nyingi tangu hapo, hadi Mbeya, lakini hakuwahi kuvuka mpaka wa Tunduma. Reli ina urefu wa kilomita 1,860, na mwisho wake, Kapiri Mposhi, yeye aliusikia kwenye matangazo ya stesheni tu.

Mama alipotutoka, baba alihamia kwangu Yombo, Dar es Salaam, ambako honi ya treni inasikika hadi chumbani. Jioni moja Januari 2023 honi ililia, naye akasema bila kuniangalia: "Binti yangu, nikifa sijaiona Kapiri nitakuwa nimejenga nyumba nisiingie sebuleni."

Nikamwambia nitampeleka. Tungepanda treni hadi Kapiri Mposhi, basi hadi Lusaka, basi jingine hadi Livingstone kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yaani Victoria, kisha turudi kwa njia ile ile. Tungelala gesti, tungekula mitaani, kila mtu na begi lake mgongoni. Kaka zangu walinijia juu: mzee wa miaka 71 anapelekwa kwa ndege. Lakini ndege haipiti Mlimba, na baba alikuwa anaifuata reli.

Naandika kisa hiki kuhusu miezi 7 kati ya ahadi ile na siku ya safari. Januari nilidhani namjua baba. Tunakaa nyumba moja, nampikia, namfulia. Kumbe kulikuwa na jambo moja ambalo lingeweza kumuangusha njiani, na lilikuwa mezani kwangu kila siku ndani ya pakiti ya dawa.

Mpango wa kwanza

Nilinunua daftari nikaandika kurasa 6: siku, nauli, gesti, namba za simu, akiba ya dharura. Nilijivunia kazi ile. Nikiusoma mpango ule leo, baba ametajwa kama mzigo: atashushwa hapa, atapandishwa pale, atapumzika saa fulani. Hakuna mahali nilipoandika kwamba nilimuuliza neno.

Niliyoyajua yalikuwa haya. Ana presha tangu miaka 8 iliyopita, anameza vidonge viwili kila asubuhi, kimoja cha kulegeza mishipa na kimoja cha kutoa maji mwilini. Magoti yanamsumbua. Macho yako vizuri tangu afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Anakwenda kliniki kila mwezi, na kila mwezi presha inakutwa iko juu. Ndani ya mwaka mmoja daktari alikuwa amemuongezea dozi mara mbili. Nililiona hilo kama uzee, basi.

Pasipoti tulianza nayo mapema, na nashukuru. Baba hana cheti cha kuzaliwa, kama wengi waliozaliwa vijijini kabla ya Uhuru. Kitambulisho cha taifa cha NIDA kinasema 1952, kadi yake ya kazi ya miaka ile inasema 1950. Tuliandika kiapo kwa wakili, lakini kilichomaliza ubishi ni daftari la ubatizo la parokia huko Ifakara, ambalo lilikuwa na tarehe kamili kwa wino wa bluu. Ada ya pasipoti yenyewe, shilingi 150,000, ilikuwa sehemu ndogo ya gharama ukilinganisha na nauli za kufuatilia karatasi. Mwenye mzazi wa rika hili aanze na pasipoti kabla ya kununua hata soksi. Viza haikuwa shida, Mtanzania haihitaji kuingia Zambia kutembea.

Morogoro

Mwezi Mei nilipata wazo ambalo sasa naliona ndilo lililookoa safari nzima: tufanye safari ya majaribio. Mabegi mgongoni, basi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis hadi Morogoro, kulala gesti usiku mmoja, kurudi. Nilitaka kuona magoti tu.

Asubuhi ile alikunywa chai nusu kikombe. Njiani nilimpa maji, akapokea chupa, akaishika mapajani hadi tunafika. Basi liliposimama abiria wachimbe dawa, vijana walishuka kulia, kina mama wakashuka kushoto, yeye akabaki kwenye kiti ameangalia mbele. Nikadhani hana haja.

Morogoro jua lilikuwa kali. Tulitembea kama robo saa hadi gesti, yeye mbele, mgongo umenyooka, akinionyesha milima ya Uluguru. Chumbani aliketi kitandani kuvua viatu. Aliposimama kunipa begi, alishika chuma cha dirisha. Vidole vilikuwa vyeupe kwenye viungo kwa jinsi alivyokamata. Alikaa hivyo labda sekunde 10, macho yamefumba, kisha akasema, "Joto la hapa limezidi."

Nilimkalisha, nikampa maji yenye sukari na chumvi kidogo, akanywa yote kwa mkupuo mmoja kama mtu aliyetoka shambani. Hapo ndipo nilipofungua mfuko wake wa dawa kutafuta kidonge cha asubuhi.

Pakiti ile ilikuwa ya vidonge 30, tuliyopewa kliniki siku 24 zilizopita. Vilitakiwa kubaki 6. Vilibaki 15.

Nilihesabu mara tatu. Vidonge vya mishipa vilikuwa sawasawa. Vilivyozidi ni vya kutoa maji, vidonge tisa. Sikumuuliza pale pale. Usiku nikiwa chumbani kwangu nilichukua kalenda ya simu nikaanza kurudi nyuma siku moja moja. Jumapili nne za kanisani. Siku mbili za msiba Mbagala. Harusi ya jirani. Leo. Na siku tuliyokwenda kufuatilia pasipoti. Tisa. Kila siku ambayo baba alitoka nyumbani, hakumeza kidonge cha maji.

Asubuhi nilimwamkia, nikamwekea chai, nikauliza taratibu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, gari halisimami kwa ajili ya mzee mmoja."

Kilichokuwa kinatokea

Nitakaa kidogo hapa, maana ndiyo sehemu ninayotamani kila mwenye mzazi wa presha aisome mara mbili.

Kidonge cha kutoa maji kinafanya kazi yake kwa kumpeleka mtu chooni. Mzee mwenye haya, akijua kwamba leo atakaa kwenye daladala au kanisani saa tatu, anakiruka. Halafu, kwa usalama zaidi, hanywi maji. Nyumbani anameza kama kawaida. Sasa fikiria siku ya kliniki. Kliniki nayo ni safari! Baba alikuwa anaruka kidonge asubuhi ya kliniki, anapimwa presha iko juu, daktari kwa haki kabisa anaongeza dozi. Anarudi nyumbani, anameza dozi kubwa siku anazokaa ndani, presha inashuka mno, anapata kizunguzungu, tunasema ni uzee. Mwezi ujao yale yale. Daktari hakukosea, alikuwa anatibu namba aliyoonyeshwa.

Na lilikuwepo la pili. Ndani ya mfuko ule ule nilikuta karatasi iliyofungwa na vidonge vya duka la dawa, "vya magoti". Vilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Dawa za kundi lile hupandisha presha, na zikikutana na dawa ya kutoa maji kwa mtu asiyekunywa maji, zinaumiza figo. Alikuwa anazimeza siku za kutembea sana, yaani siku zile zile alizokuwa amejinyima maji.

Mkanganyiko huu usingeonekana nyumbani hata kwa mwaka mzima. Ulihitaji basi, jua, na umbali wa kilomita 190. Kama tungeuona kwa mara ya kwanza kati ya Lusaka na Livingstone, kwenye basi la karibu kilomita 480, sijui ningefanya nini.

Baba mdogo

Ilibaki kujua kwa nini haja ndogo imekuwa adui mkubwa kiasi hicho. Hapo mimi, binti yake, nilikwama. Kuna maneno ambayo baba hawezi kumwambia binti na binti hawezi kumuuliza baba, na sikuwa tayari kumvunjia heshima kwa kujifanya muuguzi. Nikampigia baba mdogo, Mbagala. Nilimweleza kwa ufupi, akanikatiza: "Niachie mimi. Mimi mwenyewe nilifanyiwa upasuaji wa tezi dume, nyie hamkuambiwa."

Alikuja Jumamosi, wakakaa chini ya mwembe na kahawa, wakaongea hadi jioni. Jumatatu wakaenda hospitali wawili. Jibu lilikuwa tezi dume imekua, si saratani, hali ya kawaida kwa umri wake, na inatibika kwa dawa. Baba alikuwa anaamka mara nne usiku kwa zaidi ya miaka miwili. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta mmoja.

Daktari wa presha alipopewa habari nzima, pamoja na hesabu ya vidonge tisa, aliondoa kidonge cha maji, akabadilisha mpango wa dawa, akatuagiza tupime nyumbani asubuhi na jioni kwa mashine ya mkononi na kuandika. Diklofenaki ikapigwa marufuku, ikaingia parasetamoli na mazoezi ya mapaja. Dawa ya tezi dume ilikuja na onyo: inamezwa usiku, na mtu asiinuke ghafla kitandani kwa sababu nayo huteremsha presha anaposimama. Tuliweka utaratibu: anaketi ukingoni, anahesabu hadi 20, ndipo anasimama. Alihesabu kwa sauti. Wiki za kwanza niliisikia kupitia ukuta, moja, mbili, tatu, gizani, na kwa mara ya kwanza nikawa najua usiku wa baba ukoje.

Kufikia Julai daftari la presha lilikuwa na namba zilizotulia. Dozi ilikuwa ndogo kuliko ya Januari.

Mfuko wa dawa kuvuka mpaka

Zambia ni wakali kuhusu dawa, na wasafiri wamewahi kukamatwa kwa dawa ambazo kwetu zinanunuliwa kama pipi. Dawa zenye kodeini, pamoja na baadhi ya dawa za kikohozi, na hata difenhidramini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mafua na mzio, zinaweza kumletea mtu matatizo akiwa hana cheti cha daktari. Nilitoa zote. Kwa baba kulikuwa na sababu ya pili: difenhidramini na ndugu zake zinaweza kumziba mkojo kabisa mtu mwenye tezi dume iliyokua. Mzee anapata mafua kwenye treni, msamaria mwema anampa kidonge, asubuhi hawezi kukojoa. Nilimweleza baba mwenyewe, mbele ya baba mdogo, akaitikia: hapokei kidonge cha mtu.

Zilizobaki ziliwekwa kwenye pakiti zake halisi, na barua ya daktari yenye mhuri, kwa Kiingereza, ikitaja kila dawa kwa jina lake la kitaalamu. Tulichukua dawa za siku 30 kwa safari ya siku 14, nusu kwenye begi lake, nusu kwenye langu. Begi moja likipotea, dawa hazipotei zote.

Chanjo ya homa ya manjano ilituumiza kichwa. Wengi tunaijua kama mhuri wa mpakani tu, lakini kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa, ingawa ni nadra, yanatokea zaidi kuliko kwa vijana. Daktari wa chanjo za safari alipima hatari ya huko tuendako na hatari ya sindano, akaamua kumwandikia baba msamaha wa kitabibu ndani ya kijitabu kile kile cha njano cha chanjo. Mimi na mwanangu, aliyekuja kujiunga nasi, tulichanjwa zaidi ya siku 10 kabla ya kuondoka, maana cheti hakianzi kufanya kazi kabla ya hapo. Kwa mwingine jibu linaweza kuwa tofauti. Ninachosema ni kwamba swali hili ni la daktari, na liulizwe miezi miwili kabla.

Bima nilihangaika nayo wiki nzima. Kadi ya bima ya hapa nyumbani haivuki Tunduma. Bima za safari zipo, ila ukifika miaka 70 bei inapanda, na maandishi madogo yanasema ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari haulipwi. Kwa mzee wa presha, karibu kila kitu kinaweza kuitwa ugonjwa uliokuwepo. Niliuliza kwa barua pepe maswali matatu tu: je, kiharusi kwa mtu mwenye presha iliyotangazwa kinalipwa, je, usafiri wa kumrudisha nyumbani unalipwa, na nani anapokea simu usiku. Kampuni iliyojibu kwa maandishi ndiyo niliyolipa.

Kilo nne za mchele

Baba alitaka kusafiri na shangazi kaja, lile begi la mistari. Nilikataa, kwa sababu mkono mmoja lazima ubaki mtupu wa kushika reli ya ngazi, na mwingine wa fimbo. Fimbo nayo ilikuwa vita yake. Mkongojo wa dukani aliukataa kabisa. Mwishowe alichonga mwenyewe, akampelekea fundi viatu amgongomee kipande cha tairi chini ili isiteleze, na baada ya hapo hakuiacha.

Begi la mgongoni tulilijaribu kwa mchele. Wiki ya kwanza kilo 2, kwenda sokoni na kurudi. Ya pili kilo 3. Kwenye kilo 4 alitembea vizuri. Kwenye kilo 5 nilimwona anainama mbele na goti la kushoto linaanza kukwepa. Basi 4 ikawa sheria, na kila kitu chake kilipimwa kwenye mizani ya jikoni: suruali mbili, shati tatu, sweta, kanda mbili, taulo jepesi, dawa, tochi. Sweta haikuwa ya hiari. Agosti reli inapopanda kuelekea Makambako na Mbeya usiku ni wa baridi kali, na mtu wa pwani anasahau.

Kuhusu maji, suluhisho lilitoka kwake. Aliniambia kwamba kambini Wachina hawakunywa maji baridi. Walichemsha, wakamimina kwenye vikombe vya bati, wakanywa ya moto siku nzima, na vibarua wa Kitanzania wakaiga. "Maji ya moto hayanikimbizi," alisema. Sijui kama mwili unakubaliana na hilo, lakini anayanywa, na hiyo ndiyo nilikuwa naitafuta. Tukanunua chupa ya chai ya lita moja na kikombe cha bati cheupe chenye mstari wa bluu. Chupa mbili kwa siku. Hakuna tena kuulizana kama amekunywa, chupa inajieleza.

Nani alale na baba

Kwenye treni, daraja la kwanza lina vitanda vinne kwa chumba, la pili sita, na wanaume hutengwa na wanawake isipokuwa ukinunua chumba kizima. Mimi na baba peke yetu tungelala vyumba tofauti, na usiku asingekuwa na mtu. Tukinunua chumba kizima, binti na baba chumba kimoja, yeye anaamka mara mbili tatu usiku. Angejinyima maji tena, nilimjua sasa.

Jibu lilikuwa mwanangu. Ana miaka 20, yuko chuo, Agosti ni likizo. Babu na mjukuu wana utani ambao mimi sina. Wanaitana "mume mwenzangu" tangu mtoto akiwa na miaka mitano. Anaweza kumwambia babu yake, "Wee mzee, twende tukachimbe dawa kabla sijapitiwa na usingizi," na mzee akacheka akainuka. Tulinunua vitanda vyote vinne: baba kitanda cha chini karibu na mlango, mjukuu cha chini mkabala naye, mimi juu, mabegi kitanda cha nne. Nauli ya mtu wa tatu ilikula karibu akiba yote ya kula vizuri Livingstone. Ningelipa tena.

Kwenye mabasi tuliamua kulipia viti vya mbele karibu na mlango, na kabla ya kupanda, mjukuu anakwenda kuongea na kondakta: tuna mzee, tunaomba kusimama mara moja katikati. Baba haombi, babu haombi, anaomba kijana. Kondakta hakatai akiombwa mapema, anakasirika akishtukizwa.

Jambo la mwisho lilikuwa saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Tuliamua saa ya mkononi ya baba isiguswe, ibaki ya Dar es Salaam hadi turudi, na dawa zimezwe kwa saa hiyo. Simu zetu zibadilike zenyewe zikitaka.

Safari

Tuliondoka Ijumaa alasiri, tarehe 11 Agosti 2023. Sitaieleza yote.

Usiku kabla ya mapambazuko niliamka nikakuta vitanda viwili vya chini vitupu. Moyo ulipiga, nikashuka. Walikuwa kwenye korido, babu amejifunga shuka mabegani juu ya sweta, paji la uso limegusa kioo, mjukuu ameshika kikombe cha bati. Treni iliingia handakini, sauti ikabadilika, ikatoka. "La nane," alisema kijana. "La tisa," alisema baba, "lile fupi umelala." Alikuwa anamweleza ni wapi maji yalipasua ukingo wakaanza upya, na ni wapi rafiki yake kutoka Mahenge alizikwa. Hadithi hiyo ya rafiki mimi sikuwahi kuisikia. Nilirudi kitandani nikawaacha.

Mpakani maofisa wa uhamiaji walipanda ndani ya treni, pasipoti zikagongwa mihuri tukiwa tumekaa. Kwa mzee hiyo ni faida kubwa, asingetembea foleni ya Tunduma na Nakonde juani. Wabadilisha fedha nao walipanda, tulibadilisha kidogo tu ya kula.

Kapiri Mposhi ni stesheni kubwa kuliko mji wake. Baba alishuka, akatembea jukwaa lote hadi mwisho, fimbo ikigonga sakafu, akasimama akaangalia reli. Hakusema kitu, nasi hatukumuuliza.

Livingstone tulimpa siku moja nzima ya kulala kabla ya maporomoko. Maji yanaanguka zaidi ya mita 100 kwenye upana wa mita 1,708, na njia ya upande wa Zambia ina daraja jembamba la miguu lililokuwa limelowa manyunyu. Kipande cha tairi kwenye fimbo kilifanya kazi yake. Nilipomwambia kwamba Mosi-oa-Tunya maana yake ni moshi unaonguruma, alishangaa kwamba nimeona haja ya kumfasiria. Ngazi za kushuka hadi bondeni, mtoni, hatukumruhusu, na yeye hakubisha. Kijana alishuka peke yake, baba akaketi kwenye benchi na chupa yake ya chai akimsubiri.

Nilikosea mambo mawili hata hivyo. Sikupima viatu vyake jioni, wakati miguu imevimba kwa kukaa, na siku ya tatu vilimbana hadi akavaa kanda mbili hadi Lusaka. Na nilipanga basi la Livingstone liondoke alfajiri ili tuokoe muda, nikasahau kwamba dawa ya usiku humfanya awe mzito asubuhi ya mapema. Wakati wa kurudi tulichukua la saa nne.

Tulirudi Yombo siku ya 14. Kabla hajafungua begi, baba aliketi mezani, akatoa pakiti ya dawa ya presha kutoka kwenye begi lake, akaomba na ile ya kwenye begi langu, akavipanga vidonge juu ya kitambaa cha meza vitano vitano. Tuliondoka na 30. Vilikuwa 16. Akanisogezea na mimi nihesabu.